Bonasi ya Bima ni Mali ya Nani?

Mwalimu aliyenifundisha hesabu darasa la sita alinijia nyumbani mwezi uliopita akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na hati ya bima ya maisha yenye akiba, aliyoikata akiwa bado kazini na kuilipia kwa makato ya mshahara kwa muda wa miaka 20. Mlikuwa pia na barua za kila mwaka za kumjulisha "bonasi iliyotangazwa", na kipande cha karatasi ambacho wakala aliyemuuzia bima alikuwa amekiandika kwa kalamu ya wino, akikokotoa fedha ambazo mwalimu angezipokea siku bima itakapoiva. Bima imeiva. Fedha zilizolipwa zimepungua sana kuliko zile za kwenye karatasi ya wakala. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa kwamba wakala alitumia kiwango cha bonasi cha miaka ile, kwamba kiwango kilishuka baadaye, na kwamba bonasi ni hiari ya kampuni.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii bonasi ni haki yangu au ni hisani yao?"

Sikuwa na jibu la sentensi moja. Nilimwahidi kwamba nitalitafuta, na makala haya ni sehemu ya kutimiza ahadi hiyo. Nimeamua kuyaandika hadharani kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watumishi wa umma, na wengi wao wana makato ya namna hii katika hati zao za mishahara bila kujua yanakwenda wapi. Swali la mwalimu, nimegundua, lina umri wa zaidi ya miaka 240. Liliulizwa kwanza London, na hadi leo halijapata jibu linalowaridhisha wote.

Tuanze na maana. Bima ya maisha yenye akiba ni mkataba wenye ahadi mbili: ukifa kabla ya muda kwisha, warithi wako watalipwa kiasi fulani; ukiwa hai muda unapokwisha, utalipwa wewe. Kiasi hicho huandikwa kwenye hati tangu siku ya kwanza. Bima ya aina hii inaweza kukatwa bila bonasi au pamoja na bonasi, na hapa ndipo penye jambo ambalo mawakala hawalisemi: anayekata bima yenye bonasi hutozwa ada kubwa zaidi, kwa makusudi, kuliko anayekata isiyo na bonasi kwa kiasi kilekile. Ile nyongeza ya ada huingia katika mfuko wa pamoja na kuwekezwa. Kila baada ya kipindi fulani, mtakwimu bima hupima mali za mfuko na madeni yake, yaani ahadi zote ambazo mfuko utapaswa kuzilipa miaka ijayo. Mali zikizidi madeni, tofauti hiyo huitwa ziada. Sehemu ya ziada ikigawiwa wenye bima, mgawo huo ndio bonasi.

Ziada hutoka katika chemchemi tatu. Ya kwanza ni vifo: watu wakifa wachache kuliko ilivyokadiriwa, fedha hubaki. Ya pili ni uwekezaji: mfuko ukichuma zaidi ya kiwango kilichotumika kupanga ada, fedha hubaki. Ya tatu ni gharama: ofisi ikitumia kidogo kuliko ilivyojitengea, fedha hubaki. Kila moja kati ya hizi inaweza pia kukauka, au kugeuka kuwa hasara. Kwa hiyo neno "bonasi", ambalo katika maisha ya kazi lina harufu ya zawadi ya mwajiri aliyefurahi, hapa linapotosha. Kwa sehemu kubwa bonasi ni fedha ya mwenye bima mwenyewe, aliyotozwa kwa tahadhari, ikirudi kwake pamoja na ilichozaa.

Sasa twende kwenye historia. Mnamo 1693 mwanafalaki Edmond Halley alichapisha jedwali la vifo lililotokana na kumbukumbu za mji wa Breslau, ambao leo uko Poland na huitwa Wrocław. Kwa jedwali kama lile iliwezekana kukadiria katika kila watu 1,000 wa umri fulani ni wangapi wangekuwa hai baada ya miaka kadhaa. Hata hivyo, wauza bima wa wakati ule hawakulitumia. Chama cha Amicable, kilichoanzishwa London mwaka 1706, kiliwatoza wanachama wake ada moja bila kujali umri wa mtu, na mwisho wa mwaka kikagawa fedha kwa warithi wa waliokufa. Mwaka wenye vifo vingi, kila mrithi alipata kidogo.

Mwalimu wa hesabu aliyeitwa James Dodson alitaka kujiunga na Amicable akakataliwa kwa sababu umri wake ulikuwa umepita kiwango. Alikataa kukubali kwamba mtu mzima hawezi kukatiwa bima. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kila mtu atozwe kulingana na umri wake alipoingia, na ada hiyo isibadilike maisha yake yote. Katika ujana mtu atalipa zaidi ya hatari yake, na akiba hiyo itamlinda uzeeni hatari itakapozidi ada. Dodson alifariki mwaka 1757 kabla ya kuuona mpango wake ukisimama. Wenzake waliomba idhini ya serikali wakanyimwa mwaka 1761, lakini mwaka uliofuata, 1762, walianzisha chama chao bila idhini hiyo. Chama hicho ndicho kilichokuja kujulikana duniani kama Equitable. Hakikuwa na wenye hisa. Waliokata bima ndio waliokuwa wanachama na wamiliki.

Likajitokeza jambo ambalo waanzilishi hawakulipa uzito wa kutosha. Ada zao zilikokotolewa kwa kumbukumbu za vifo za London, jiji lililokuwa likiua watu wake kwa maradhi na uchafu. Waliokuja kukata bima, hata hivyo, walikuwa watu wenye uwezo na afya, na walichunguzwa kabla ya kupokelewa. Walikufa polepole kuliko jedwali lilivyosema. Fedha zikarundikana. Mwaka 1775 William Morgan akawa mtakwimu wa chama. Alikuwa mpwa wa Richard Price, mchungaji na mwanafalsafa wa Wales ambaye historia ya siasa inamkumbuka kwa kutetea uhuru wa makoloni ya Marekani, na ambaye hotuba yake ya 1789 kuhusu mapinduzi ya Ufaransa ilimchokoza Edmund Burke kuandika kitabu chake mashuhuri cha kuyapinga. Price ndiye aliyekuwa mshauri wa chama katika hesabu. Sioni ajabu kwamba mtu mmoja alishughulika na mambo yote mawili: nani atawale fedha ya wote, na nani atawale nchi ya wote, ni maswali ya ukoo mmoja.

Hesabu ya mwaka 1776 ilionyesha kwamba ziada ni kubwa. Wanachama wakataka wagawiwe. Morgan na Price wakahofu kwamba kugawa fedha taslimu kungekiacha chama uchi siku ya tauni au vita. Baada ya kupunguza ada, walibuni njia ya tatu mwaka 1781: badala ya kumpa mwanachama fedha mkononi, waliongeza kiasi kilichoandikwa kwenye hati yake kwa pauni moja na nusu katika kila pauni 100, kwa kila mwaka aliokuwa amelipa ada. Mwanachama alitajirika kwenye karatasi, lakini fedha ilibaki mfukoni ikiendelea kuzaa na kulinda. Hii ndiyo bonasi ambayo mwalimu wangu alikuwa akiandikiwa kila mwaka. Ikishatangazwa huwa sehemu ya deni la kampuni na haiwezi kufutwa. Lakini hailipwi kabla ya kifo au kuiva kwa bima, na anayeivunja bima yake katikati hapewi thamani yake kamili.

Habari za ziada ile zilienea, na watu wakamiminika kujiunga, wengi wao si kwa kuogopa kifo bali kwa kutamani mgawo. Wanachama wa zamani wakalalamika: sisi tulipanda, hawa wamekuja kuvuna. Mwaka 1816 chama kikaweka kanuni kwamba bonasi zigawiwe kwa bima 5,000 zilizo kongwe zaidi, na wengine wasubiri zamu yao. Hapo ndipo swali la mwalimu lilipopata sura yake ya kwanza ya kisiasa. Ziada imetengenezwa na vizazi kadhaa vya walipaji, wengine wamekufa, wengine ndio kwanza wameanza. Ni ya nani? Jibu la mwaka 1816 lilikuwa jibu la wazee, kwa kuwa wazee ndio waliokuwa na kura.

Kabla sijaendelea niseme neno kuhusu jedwali lililotumika baada ya 1781, lililotengenezwa na Price kwa kumbukumbu za mji wa Northampton. Nalo lilikadiria vifo vingi kuliko ukweli. Kwa muuza bima, kosa hilo lilikuwa baraka: alitoza ada kwa vifo ambavyo havikuja. Lakini kuanzia 1808 serikali ya Uingereza iliuza malipo ya uzeeni kwa kutumia jedwali hilohilo, na kwake likawa balaa, kwa sababu aliyeahidi kulipa mtu angali hai hupata hasara mtu huyo asipokufa. Miaka ilipita na hazina ya umma ikavuja hadi mtakwimu John Finlaison alipoidhihirishia serikali kosa hilo na mauzo yakasimamishwa mwaka 1828. Jedwali moja liliwatajirisha wanachama wa chama kimoja na kuwafilisi walipa kodi. Watumishi wa umma wanaodhani kwamba hesabu ni jambo la wataalamu tu wasilisahau tukio hili.

Mtindo wa Equitable ulienea pamoja na himaya ya Waingereza, na ndio ulioletwa katika Afrika Mashariki. Katika karne ya ishirini, baada ya Vita Kuu ya Pili, uliongezewa kitu kipya. Mifuko ilianza kuwekeza zaidi katika hisa za makampuni, ambazo thamani yake hupanda na kushuka. Hapo likaja wazo la kusawazisha, ambalo msomaji wa Kurani au wa Biblia atalitambua katika kisa cha Yusufu na Farao: miaka ya shibe weka ghalani, ili miaka ya njaa ule. Sehemu ya faida ya miaka mizuri hufichwa ili bonasi isianguke miaka mibaya. Pamoja na hayo ikazaliwa bonasi ya mwisho, inayotolewa bima inapoiva, isiyoahidiwa kabla na inayoweza kuwa sifuri. Kadiri bonasi ya mwisho ilivyokua, ndivyo haki ya mwenye bima ilivyopungua na hiari ya wakurugenzi ilivyoongezeka. Ghala likawa kubwa, lakini ufunguo ukabaki mkononi mwa mtunza ghala.

Waingereza wengi walilipia kosa hilo kwa nyumba zao. Katika miaka ya 1980 mamilioni yao walinunua nyumba kwa mkopo ambao kila mwezi walilipa riba tu, huku deni lenyewe likisubiri bima ya akiba iive na bonasi zake zilifute. Mawakala waliwaonyesha makadirio ya kupendeza. Mfumuko wa bei na mapato ya uwekezaji vilipopungua, bonasi zikapunguzwa, na bima zilipoiva wengi wakakuta deni limebaki. Mwalimu wangu na kipande chake cha karatasi ni ndugu wa watu hao, ingawa hawatakutana.

Equitable yenyewe, mama wa bonasi, ilianguka mwaka 2000. Kati ya miaka ya 1950 na 1988 iliuza bima za uzeeni zenye kiwango cha chini kilichoahidiwa cha malipo. Riba za soko ziliposhuka miaka ya 1990, ahadi hiyo ikawa mzigo mzito, na wakurugenzi wakaamua kuwapunguzia bonasi ya mwisho wale waliochagua kuitumia. Walisema: bonasi ni hiari yetu, kanuni zetu zinaturuhusu. Kesi ilifika katika Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na tarehe 20 Julai 2000 wakashindwa. Hoja ya majaji inafaa kukaririwa na kila anayesimamia fedha za wengine: hiari haiwezi kutumiwa kuifuta ahadi. Chama hakikuwa na akiba ya kulipa gharama ya hukumu ile, iliyokadiriwa kuwa pauni bilioni 1.5. Desemba mwaka huohuo kilifunga milango kwa wateja wapya, na Julai 2001 kikapunguza thamani ya bima kwa asilimia 16. Uchunguzi wa Lord Penrose, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kwa miaka mingi kilikuwa kimegawa zaidi ya kilichokuwa nacho. Morgan alikuwa ameonya juu ya hilo karne mbili kabla. Mwaka 2008 msuluhishi wa Bunge aliwalaumu wasimamizi wa serikali kwa kulala kazini, na mwaka 2010 serikali ikatenga pauni bilioni 1.5 za kuwafidia walioumia.

Na kwetu? Tanzania ilianzisha Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 likapewa ukiritimba wa bima uliodumu hadi sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. India ilikuwa imepita njia kama hiyo mwaka 1956 ilipounganisha kampuni na vyama 245 katika shirika moja la umma, na sheria yake iliandika waziwazi kwamba angalau asilimia 95 ya ziada ni ya wenye bima. Niliposoma kifungu hicho mara ya kwanza nilivutiwa. Yale ambayo London iliyaacha kwa hiari ya wakurugenzi, Delhi iliyaandika kwenye sheria.

Hata hivyo sheria ya mgawo haisaidii kama fedha inayogawiwa inayeyuka. Chukua mfano wa kubuni. Mtu amekata bima ya shilingi 20,000 kwa miaka 20, na kila mwaka anatangaziwa bonasi ya shilingi 30 kwa kila shilingi 1,000. Hiyo ni shilingi 600 kwa mwaka, na 12,000 kwa miaka yote. Mwishoni atapokea 32,000. Kama bonasi inazaa juu ya bonasi zilizotangulia, atapata kama 36,100. Lakini karibu kila mwaka wa miaka ya 1980 bei nchini Tanzania zilipanda kwa zaidi ya asilimia 25, na miaka mingi kwa zaidi ya 30. Bei zikipanda kwa asilimia 30 kwa mwaka, baada ya miaka 8 zitakuwa zimezidi mara 8. Shilingi 32,000 zitanunua kile ambacho shilingi 4,000 zilinunua mwanzoni. Ahadi imetimizwa hadi senti ya mwisho, na mtu ameporwa. Riba zilizopangwa na serikali zilikuwa chini ya mfumuko wa bei, kwa hiyo mfuko wowote wa akiba uliowekwa huko uliikopesha dola kwa hasara ya mwenye akiba. Hiyo nayo ilikuwa kodi, ingawa haikupitishwa na bunge lolote.

Nimerudi kwa mwalimu na jibu hili. Shikamoo, Mwalimu. Bonasi iliyokwisha kutangazwa ni haki yako, na hakuna mkurugenzi awezaye kuigusa. Bonasi ambayo haijatangazwa si haki ya kiasi maalumu, kwa hiyo karatasi ya wakala haikuwa na nguvu ya mkataba, ingawa huyo aliyekupa bila kukueleza hivyo alikukosea. Lakini si hisani pia. Ni fedha iliyotokana na ada yako, na anayeigawa anashika amana. Mshika amana hudaiwa hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo tusiyoidai. Sheria za Kenya na Tanzania zinataka mfuko wa bima ya maisha utengwe na biashara nyingine za kampuni na upimwe na mtakwimu bima. Ni jambo jema, lakini ripoti ya mtakwimu huandikwa kwa lugha ambayo mwalimu mstaafu hawezi kuisoma. Vyama vya wafanyakazi vinavyoridhia makato kwenye mishahara ya wanachama vina wajibu wa kuuliza kwa niaba yao mambo manne: ziada ya mwaka ilikuwa kiasi gani na ilitoka wapi, wenye bima walipata sehemu gani na wenye hisa sehemu gani, gharama za ofisi na mawakala zilikula kiasi gani, na mtu akivunja bima mwaka wa 3, wa 5 au wa 10, anaondoka na nini. Majibu yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yatumwe pamoja na barua ya bonasi.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akitusikiliza ubaoni. Kisha akasema kwamba kwake yeye limekwisha, fedha ameipokea na ameezekea nyumba. Lakini mjukuu wake ameajiriwa ualimu mwaka huu, na kabla hata ya mshahara wa kwanza kuingia mawakala wawili wameshamfuata shuleni. Aliniomba nimwandikie yale maswali manne kwa herufi kubwa. Niliyaandika nyuma ya kile kipande cha karatasi, upande ambao wakala hakuutumia.